Nyota Iliyoipita Kilimia

Mwaka ule wa 1953, mvua za kwanza zilinyesha vizuri huku kwetu karibu na Songwa. Asubuhi watu walipita na majembe mabegani. Jioni walirudi na udongo mweusi hadi magotini. Kila nyumba ilikuwa imepanda mtama. Kila nyumba, isipokuwa ya Mageni.

Msidhani Mageni alikuwa mvivu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kisimani na wa mwisho kulala. Mume wake, Herman, alikuwa mbali, akichimba dhahabu Geita. Nyumbani alibaki Mageni na watoto wanne, pamoja na mama mkwe wake, Bernadina. Mbegu ilikuwa kikapu kimoja tu. Ikipotea hiyo, hakuna nyingine. Ndiyo maana aliogopa sana kukosea.

Kila jua lilipotua, Mageni aliwafungia kuku, kisha akasimama uani kutazama mashariki.

"Haijaja?" Bernadina aliuliza kutoka jikoni.

"Bado, mayu," Mageni alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Labda imepitia harusini."

Mageni hakucheka. Mwaka uliotangulia, jioni kama hiyo, aliona nyota kubwa nyeupe ikichomoza mashariki wakati jua linazama. Kesho yake alipanda. Mvua ilinyesha, ghala likajaa. Tangu hapo alisema moyoni: hii ndiyo nyota yangu ya mbegu. Sasa aliisubiri ichomoze tena saa ile ile. Lakini mwaka huu nyota ilitoka wakati watu wamekwisha kula, watoto wanasinzia.

Siku moja mchana alifika Cornel, mdogo wake Herman. Cornel alifanya kazi na wapimaji wa ardhi kule Geita. Alibeba mnyororo wa kupimia, na usiku mwingine aliwashikia taa walipopima kwa nyota.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Bernadina aliitikia. "Kaka yako mzima?"

"Mzima. Shemeji, mbona shamba la kaka ni tupu? Mmekula mbegu?"

"Tunangoja nyota," Bernadina alijibu haraka. "Muulize mwenyewe."

Mageni alieleza yote. Cornel alisikiliza mpaka mwisho, hakumcheka.

"Shemeji, nyota hiyo inahama," alisema.

"Wewe Cornel! Nyota ni mbuzi, zihamehame?"

"Mwaka jana ilikuwa wapi? Mbele ya Kilimia au nyuma yake?"

Kilimia ni kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga. Mageni alifikiri.

"Ilikuwa mbele. Ilitoka yenyewe kwanza, Kilimia ikafuata."

"Basi leo tutazame."

Jua lilipotua, mwezi mpevu ulichomoza mashariki. Ubavuni mwake ilikuwa Kilimia. Waliketi uani, wakala, wakangoja. Muda mrefu ukapita, ndipo nyota kubwa ikatoka. Ilikuwa chini kabisa, nyuma ya Kilimia.

Mageni alisimama. Alitazama juu, akatazama chini.

"Imeipita ikirudi nyuma," alisema polepole. "Mwaka jana ilikuwa mbele. Nani ameisogeza?"

Hapo Bernadina alikohoa. Huyu bibi hakuweza kukaa na watu jioni bila kutega.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kundi langu lote laenda machungani, kila ng'ombe na nafasi yake. Mmoja tu hana nafasi, mara yuko mbele, mara nyuma."

"Huyo ni mchungaji," Cornel alisema.

"Umepata! Nilidhani Geita mmesahau."

"Mama, umenisaidia kazi," alisema Cornel. "Shemeji, tazama juu. Nyota zote zinatoka mashariki, zinakwenda magharibi, lakini hazipitani. Kilimia ya leo ndiyo aliyoiona babu, mahali pale pale kundini. Sasa kuna chache zinazopita katikati ya nyingine kama mchungaji. Hizo si nyota hasa. Ni sayari. Ni dunia nyingine, zinalizunguka jua kama dunia yetu. Hii yako watu wa pwani huiita Mshtarii. Sisi tunalizunguka jua kwa mwaka mmoja. Yeye njia yake ni ndefu, huchukua karibu miaka kumi na miwili. Kwa hiyo kila mwaka atakuchelewesha kama mwezi mzima. Mwaka huu atachomoza machweo katikati ya Desemba. Msimu ujao, Januari."

"Januari!" Mageni alishika kichwa. "Watoto watakula nini?"

Lakini moyo wake ulikuwa bado mgumu. "Nipe siku mbili. Nataka kuona kwa macho yangu kitu kikihama."

"Utaona. Tazama mwezi. Nao unapita kundini, tena upesi."

Usiku wa pili mwezi ulichelewa kidogo kutoka. Mageni alinyoosha mkono, akapima kwa ngumi. Mwezi ulikuwa umeiacha Kilimia ngumi moja na zaidi. Usiku wa tatu ulichelewa tena, na ulipotoka ulikuwa jirani na Mshtarii.

Cornel alitoa darubini ndogo ya macho mawili aliyoachiwa na mpimaji mmoja mzee. Aliiegemeza juu ya nguzo ya zizi ili isitikisike.

"Chungulia."

Mageni alichungulia. Mshtarii haikuwa nukta tena, ilikuwa kiduara. Na pembeni yake, zimepangwa mstari mmoja, aliona nukta nne ndogo za mwanga.

"Ina watoto!" alinong'ona.

"Ni miezi yake. Sisi tuna mmoja. Yeye anayo mingi, hiyo minne ndiyo mikubwa."

"Toka, nami nione kabla sijafa!" Bernadina alimsukuma. Alichungulia muda mrefu. Alipoinua uso, machozi yalimlengalenga.

"Haya yote yalikuwa juu ya kichwa changu," alisema, "na mimi nafunga kuku."

Mageni alikaa chini kwenye vumbi. "Nilidhani imekuja kwa ajili ya kikapu changu."

"Kilimia ndiyo ya kukushika mkono," Cornel alisema. "Ikionekana mashariki jua likitua, weka mbegu tayari. Halafu chimba. Udongo ukiwa na unyevu kina cha kiganja, ukishikamana mkononi, panda."

Alfajiri Mageni alichimba. Udongo ulishikamana. Walipanda wote siku tatu, Cornel naye, hata bibi na kijijembe chake. Kona moja tu yenye magugu mengi ilibaki, wakaipanda Krismasi.

Januari mvua ilikatika wiki tatu. Mtama uliotangulia ulikuwa umeshika mizizi, ukavumilia. Ile kona ya Krismasi ilikauka yote.

Herman alirudi mwishoni mwa Juni, akakuta ghala limejaa. Aliketi kivulini na kofia yake ya mgodini, akacheka.

"Cornel kanisimulia. Leo jioni nionyeshe hiyo nyota yako."

"Jioni huioni," Mageni alisema. "Nimeifuata miezi yote. Kila juma ilishuka magharibi, mpaka ikaingia kwenye mwanga wa jua. Sasa inatembea na jua. Itatoka alfajiri, kabla Agosti haijaisha."

"Kwa hiyo sasa hivi iko wapi?"

Mageni alinyoosha kidole kwenye anga jeupe la mchana, karibu na jua.

"Pale. Na watoto wake wote."

Herman alikinga macho kwa mkono, akatazama mahali pasipokuwa na kitu. Kisha akavua kofia.