Picha Zilizobaki Nyuma

Kila Jumamosi, mama akiwa kwenye cherehani, bintiye ndiye aliyekuwa karani wa duka: kupokea simu, kujibu barua pepe, kufagia nyuzi. Mtaani walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa hasa. Kumtuliza mtoto yule ilikuwa kazi ya siku nzima.

Siku hiyo hata mama hakutulia. Meneja wa hoteli mpya alikuwa akichagua fundi wa kushona mapazia ya vyumba vyote, na angeamua kabla ya adhuhuri. Kwa muda mrefu cherehani ya mama ilikuwa ikishona viraka tu.

"Mwanangu, mtumie picha za mapazia yetu. Ziweke ndani ya barua yenyewe, asihangaike kuzitafuta."

Chapuchapu akajaribu. Lo, picha zilikuwa nzito! Alama ya kutuma ikazunguka, ikazunguka, uvumilivu ukamwishia. Akazipandisha kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, kisha kwenye barua akaweka viungo tu, yaani linki, vya kuzionyesha. Papo hapo barua ikaenda.

"Tayari, mama!"

Kumbe sasa hifadhi ilikuwa imejaa. Akazifuta picha zile apate nafasi ya video za kuchekesha. Zimeshakwenda, alijiambia, za nini tena?

Haukupita muda, simu ikalia. "Fundi, mbona naona visanduku vitupu?" meneja aliuliza.

Mama akamgeukia binti yake. "Umegusa kitu?"

"Mimi? Wala! Labda mtandao wao mbovu."

Mama akamwambia meneja labda ni mtandao wao, ajaribu tena. Akajaribu. Patupu.

"Samahani, fundi. Wenzako wametuma, na picha zao naziona." Akakata simu.

"Basi tena," mama alisema, akaketi na futi yake ya kupimia shingoni. Chapuchapu akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akajikaza kisabuni.

"Mama, ni mimi. Picha hazikuwemo kwenye barua. Nilimpa njia ya kuzifikia tu, halafu nikazifuta."

"Ala! Yaani umemwelekeza mgeni nyumba, kisha ukaibomoa?" Mama alikasirika kwelikweli, lakini akamnyooshea simu yake. "Picha zenyewe zimo humu. Kaa hapa. Polepole."

Chapuchapu akazipunguza ukubwa, moja baada ya nyingine, akazipachika ndani ya barua. Kwanza akajitumia mwenyewe, akaifungua, akaziona zote. Ndipo akaituma hotelini.

Mama akampigia meneja, kisha akampa binti yake simu. "Sema mwenyewe."

"Shikamoo. Kosa lilikuwa langu, si la mtandao wenu. Nilisema uongo. Tafadhali fungua barua mpya."

Chapuchapu akang'ata kucha.

"Marahaba. Sasa naziona," meneja alisema. "Hili la kijani limeshonwa vizuri. Mwambie mama aje kupima madirisha."

Mama akashusha pumzi ndefu, akamvuta binti yake karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Kuharibu kila mtu anaharibu, hata mimi nakata kitambaa vibaya. Lakini ulipokosea, nafasi ya kupata kazi bado tulikuwa nayo. Uliponidanganya ndipo ilipoanza kututoka. Siku nyingine ukiharibu, niambie hapohapo, tushone pamoja palipochanika."