Alama za Jumanne na Ijumaa

Kila siku kengele ya saa kumi ilipolia, nilipeleka kadi yangu kwa Mwalimu Namalwa. Kadi ilikuwa na safu tatu tu: kusikiliza, kumaliza kazi na adabu. Kila safu alinipa alama, moja hadi tano. Nilipewa kwa sababu ya kulala darasani; wiki nne zikiisha bila mimi kubadilika, ningetolewa la sita na kurudishwa darasa la tano. Nilikuwa nimechoka hata kuiogopa hiyo kadi.

Mwalimu naye alichoka. Tangu karo ifutwe tulikuwa themanini na wawili darasani. Wiki ya tatu akaniambia, "Kaluki, madaftari yamenizidi. Jaza mwenyewe, mimi nitatia sahihi."

Shiru, niliyekaa naye dawati moja, alifurahi kuliko mimi. "Si ujipe tano zote! Kwani nani ataangalia?"

Nilishika kalamu. Jumanne ile nililala katika hesabu mpaka mate yakalowesha daftari. Tano zingeniokoa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na kumdanganya mtu aliyechoka vile niliona aibu. Nikaandika moja kila safu. Ijumaa nikaandika moja tena.

Mwalimu alipotaka kutia sahihi, kalamu yake ilisimama.

"Jumatatu nne, Jumatano tano. Jumanne na Ijumaa, moja. Hata wiki nilizojaza mimi ni hivyo hivyo, na sikuona! Siku hizo kuna nini?"

"Maji, Mwalimu. Kwetu Kabiria mfereji wa mtaa hufunguliwa siku hizo tu, alfajiri. Mama huwahi kazini mtaa wa Karen. Mimi hupanga foleni na mitungi sita."

"Nyumbani hakuna mwingine?"

"Kuna kaka yangu Muasya, wa kidato cha pili. Yeye hulala."

"Kwani Muasya hana mikono?"

 Mwalimu aliandika barua nyuma ya kadi. Jioni Mama aliisoma, akamwita Muasya. "Kuanzia Jumanne mitungi ni yako. Kaluki atapika chai." Muasya alinuna siku mbili, lakini maji alichota.

Jumanne ya wiki ya nne nilijipa nne, na zilikuwa za haki.

"Ukiendelea hivi, hurudi darasa la tano," Mwalimu alisema. "Lakini kumbuka, ungejipa tano ningetia sahihi, nawe ungeendelea kulala. Alama ya kweli, hata ikiwa moja, humwonyesha mwenzako pa kukusaidia."

Kisha akasukuma madaftari kando, akachukua kalamu, na kuanzia siku hiyo akaijaza kadi yangu yeye mwenyewe.