Mita Moja

Mjomba wangu Laurenti alikuwa mpiga picha Kilwa Kivinje, na haya aliyasimulia mara moja tu, mwaka mmoja kabla hajafariki. Sisi wapwa zake tulimwomba atufundishe kamera. Akatufundisha vizuri, kwa maneno tu. Kisha akatueleza kwa nini yeye mwenyewe hakuishika tena baada ya mwaka sabini na tano.

Mwaka huo watu walikuwa wamehama mashambani kwao kuingia vijiji vya ujamaa, na mjomba alipewa kazi ya kupiga picha kila kaya mbele ya nyumba yake mpya, katika kijiji kimoja upande wa Kiranjeranje. Alifika asubuhi, akanywa uji kwa mwenyekiti, akaanza na nyumba za mwanzo. Watu walivaa nguo zao za Idi.

Kamera aliachiwa na padri mmoja aliyerudi Ulaya. Ilikuwa ya kujipimia mwanga. Wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi, yenyewe inachagua muda wa kuliacha wazi. Tundu likiwa kubwa, hutoka wazi kile tu kilichopo kwenye umbali uliouweka kwenye pete ya lenzi. Kilicho mbele na nyuma yake hugeuka ukungu. Tundu likiwa dogo, vyote hutoka wazi, cha karibu na cha mbali, ila kamera hukawia kidogo ili mwanga utoshe. Siku hiyo alitaka watu na nyumba vionekane pamoja, akaweka tundu dogo.

Saa sita alifika kwa Fakihi. Mume, mkewe Sada, na mtoto wao wa miezi minne. Mjomba akabonyeza.

Kamera ikafunguka. Haikufunga.

Alihesabu moja, mbili, ndipo ikalia, ikajifunga. Kwenye jua lile! Akaielekeza nyumba ya jirani: ikalia mara moja. Akairudisha kwa Fakihi: moja, mbili. Akasema ni betri.

Aliposafisha filamu Kivinje, alitegemea picha ile iwe imeungua kwa mwanga mwingi. Haikuungua. Mwanga ulikuwa sawasawa. Maana yake kamera haikukosea. Mahali pale iliona giza. Na orodha ya kijiji ilisema watu watatu, wakati kwenye picha walikuwa wanne. Nyuma ya Fakihi, mlangoni, alisimama bibi kizee.

Alirudi na ile picha akamwonyesha Fakihi. Fakihi akaisogeza karibu na macho.

"Ni mama," alinong'ona. "Bi Kibibi."

"Mbona hukumwandikisha?"

Sada ndiye aliyejibu, macho chini. "Tulimwacha kule shambani, kaka. Alikuwa hawezi kutembea. Lori lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, au ya magunia ya korosho."

Walipakia korosho. Fakihi alimwahidi mama yake kurudi kesho yake, akaufunga mlango kwa kamba kwa nje, fisi wasiingie. Alirudi siku ya tano. Kamba ilikuwa bado imefungwa, fundo lake lile lile. Ndani kulikuwa na mkeka tu.

"Hapa yuko umbali gani na mimi?" Fakihi aliuliza.

Mjomba akamwambia picha ile haiwezi kusema, kwa kuwa tundu lilikuwa dogo na kila kitu kimetoka wazi.

"Basi weka kubwa, fundi. Nataka kujua alipo."

"Usimpige picha tena," Sada alisema. "Nakuomba."

Mjomba alituambia hapo ndipo alipopaswa kuondoka. Hakuondoka. Alimsimamisha Fakihi mita tatu mbele ya kamera, mlango ukiwa mita sita, akafungua tundu mpaka mwisho, akapiga mara tatu. Pete kwenye mita sita: kamera ikalia upesi. Mita tatu: ikakawia. Mita moja: ikafunguka, akahesabu mpaka nne, na shavuni alihisi ubaridi, kama mtu aliyeinamia mdomo wa mtungi wa maji.

Picha ya mita sita ilitoka na ukuta wazi, bila mtu mlangoni. Ya mita tatu ilitoka na Fakihi wazi, na mbele yake kivuli cha ukungu. Ya mita moja, Fakihi ndiye aliyekuwa ukungu. Bibi alijaa nusu ya picha, mgongo kwa kamera, kila unywele mweupe ukihesabika. Mikono ameinua kidogo, kama mtu anayesubiri kubebwa.

Mjomba alizipeleka zile picha mchana wa Jumanne. Fakihi aliiangalia ya mwisho, akauliza taratibu:

"Hakuwa nyuma yangu?"

"Alikuwa mbele yako. Baina yangu na wewe."

Fakihi akavaa makatambuga yake, ndara za tairi. Akatoka uani, akachuchumaa, akarudisha mikono nyuma.

"Haya, mama. Panda."

Aliinuka kwa shida. Alitembea ameinama, jasho likimtiririka, akashika njia ya shambani. Sada alimwita mpaka sauti ikakauka. Hakugeuka. Makatambuga yake yalizama mchangani kama ya mtu mwenye gunia mgongoni.

Hakurudi. Kulipokucha, mjomba na wanaume wanne walifuata zile nyayo. Zilikwenda karibu saa nzima, zimezama vile vile. Kisha zikaisha. Katikati ya njia. Hapakuwa na damu, wala mburuzo, wala nyasi iliyolala.

Palipoishia pakaanza nyayo nyingine. Ndogo. Za peku. Hazikwenda shambani. Zilirudi kijijini.

Walizifuata mbio. Ziliingia kijijini, zikapita nyumba sita, zikaingia mlangoni kwa Sada. Hazikutoka.

Sada alikuwa barazani kwa jirani tangu alfajiri. Mtoto alikuwa amelala ndani, peke yake.

Waliingia wote. Mtoto yuko macho, ametulia, mdomo unachezacheza. Sada akamtia kidole kinywani, akatoa kitu cheupe.

Muhogo wa kuchemsha. Umetafunwa ukalainika, kama wazee wanavyowatafunia watoto wachanga.

Tangu jana jiko la nyumba ile halikuwashwa. Muhogo ulikuwa wa moto.