Kufuli Kwenye Bomba la Dani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Sheryl alikinga maji. Bomba lilikuwa uani, hatua kumi kutoka jikoni, na kazi ilikuwa yake peke yake. Alijaza mtungi wa plastiki wa lita ishirini, akatia kifuniko kimoja cha dawa ya maji, akangoja nusu saa, kisha akamimina ndani ya chungu cha kunywa kilichokaa pembeni mwa jiko. Hivyo ndivyo nyanya yake, ambaye wajukuu walimwita Dani, alivyomfundisha.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko la Katito, umbali wa kutafuna muwa mmoja ukaisha. Sheryl alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mdogo wake Tom alikuwa na minne. Mama yao alifanya kazi Kisumu na kurudi Jumapili. Maji yao yalitoka mtoni kwa bomba la mradi, yakaingia kwenye tangi jeusi lililokaa juu ya mawe. Msimu wa mvua yalikuja na rangi ya chai ya maziwa. Zamani Dani aliyatuliza kwa shabu: alikizungusha kile kijiwe cheupe ndani ya mtungi mpaka tope likashuka chini lenyewe, kama mtoto aliyechoka kulia.

Kisha mama akasema, "Dani, mtakunywa tope mpaka lini?" Wakaenda Kisumu pamoja, kwenye duka la vifaa vya bomba la Mzee Harbans, wakanunua filta. Ilikuwa kopo la plastiki unaloona hadi ndani, na katikati yake umesimama mwanzi mnene wa nyuzi nyeupe.

Dani aliigongagonga kwa kidole, akaitegea sikio, kama agongavyo chungu sokoni kusikia kama kina ufa. Mzee Harbans alicheka, akamwinamia Sheryl.

"Sikiza, msichana. Hii inashika mchanga, inashika tope. Ugonjwa ni mdogo sana, unapita. Kwa hivyo dawa ya maji msiache. Umeshika?"

"Nimeshika, Mzee," akasema Sheryl. Dani hakusikia. Alikuwa bado anagonga.

Fundi Walubengo aliifunga filta kati ya tangi na bomba. Maji yalipotoka, Dani aliinua glasi juu akaitazama. Aliweza kuhesabu vidole vyake upande wa pili.

"Aa!" alisema. "Hata sindano ikianguka humu utaiona."

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilianza dogo, kama makosa mengi. Siku moja Sheryl alichelewa, akasahau dawa. Jioni alikunywa maji yale, akayaona matamu, hayana ile harufu inayokaa puani. Siku ya pili hakusahau, aliacha tu. Maji yanang'aa hivi, dawa ya nini? Na ile nusu saa ya kungoja akaipata ya kujipaka mafuta na kuchana nywele. Wiki tatu zikapita. Dani alipouliza, "Umetia dawa?" Sheryl alijibu, "Nimetia." Neno moja tu, na lilitoka bila kukwama.

Jumatatu moja Tom aliamka akilia na tumbo. Hadi saa nne alikuwa amehara mara tano, na macho yake yamezama. Dani alimfunga mgongoni, Sheryl akabeba shuka, wakaenda zahanati. Muuguzi alimpa Tom maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, taratibu, kisha akauliza, "Maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Sisi tuna filta," alisema Dani kwa fahari. "Na juu ya hiyo, mjukuu wangu hutia dawa kila siku ya Mungu."

Muuguzi alimtazama Sheryl. Sheryl aliitazama sakafu.

"Basi," alisema muuguzi, "kuna kitu kinaingia mahali. Chunguzeni."

Hilo neno Dani alilibeba hadi nyumbani. Alimlaza Tom, akaenda moja kwa moja kwenye filta. Ule mwanzi mweupe ulikuwa umegeuka kahawia, mzito kama ugali wa wimbi.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini. Akalizunguka tangi. Akasimama. Juu ya kifuniko palikuwa na jiwe, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. "Na jiwe hili? Mimi sikuliweka. Sheryl, uliliweka wewe?"

"Hapana, Dani."

"Basi kuna mtu amepanda hapa."

Hapo Sheryl akapata mahali pa kujificha. Kwa maana alikuwa amemwona mtu. Ijumaa iliyopita, akitoka shule, alimwona jirani yao Beldina amesimama juu ya kigoda, mikono yote miwili kwenye kifuniko cha tangi. Beldina alikuwa mjane, mama yake Robinson aliyesoma darasa moja na Sheryl. Alipika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, akauza kando ya barabara ya Kisii. Dani alimruhusu kuchota maji pale bombani tangu zamani.

"Nilimwona Mama Robinson," Sheryl alisema. "Ijumaa. Alikuwa amefungua tangi."

Kweli alikuwa amemwona. Kama alikuwa anafungua au anafunga, hilo Sheryl hakulijua, wala hakujiuliza.

Dani akaanza kuunganisha mambo, na kadiri alivyoyaunganisha ndivyo yalivyoshikana. "Anachota bomba hilihili. Watoto wake wanakunywa maji hayahaya. Mbona wao hawaharishi? Mbona ni Tom peke yake? Na tangu filta ije, hakunipongeza hata siku moja. Alisema tu, 'Maji yamekuwa mazuri, Mama Sheryl amefanya vyema.' Mtu husema hivyo huku ana lake moyoni."

Jioni hiyo Dani alinunua kufuli, akalitia kwenye bomba. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Beldina alikuja alfajiri na ndoo mbili, kama kawaida. Sheryl aliwaona kupitia dirisha la jikoni.

"Dani, bomba limefungwa?"

"Limefungwa."

"Limeharibika?"

"Bomba ni zima. Kilichoharibika ni kingine. Mjukuu wangu amelala pale kama kitambaa, na wewe unaniuliza bomba?"

Beldina aliweka ndoo chini. "Pole, Dani. Lakini sielewi. Mimi nimefanya nini?"

"Ijumaa ulikuwa unatafuta nini juu ya tangi langu?"

"Ijumaa? Upepo ulikuwa umeinua kifuniko, nikakirudisha. Nikakiwekea jiwe kisiruke tena."

"Jiwe!" Dani alicheka cheko lisilo na furaha. "Umeona ulivyolitaja mwenyewe? Mama Robinson, chukua ndoo zako."

Beldina alizichukua. Hakutukana, na hilo Dani alilihesabu pia: mtu asiye na hatia angepiga kelele. Sheryl, nyuma ya dirisha, alisikia habari ya upepo na kifuniko, akajua ni kweli, kwa sababu Ijumaa ile hata nguo zake za shule ziliruka kutoka kwenye kamba.

Tangu asubuhi hiyo alirudi kutia dawa. Alitia kwa siri, kifuniko kamili, akangoja nusu saa kamili, akisikiliza kama hatua za Dani zinakuja. Alikimwaga chungu, akakisugua, akakijaza upya. Aliomba Tom apone, basi mambo yaishe.

Na Tom akapona. Siku ya tatu alikuwa anafukuza kuku. Lakini mambo hayakuisha.

"Umeona?" Dani alimwambia Sheryl, akipiga makofi. "Nimefunga bomba, mtoto amepona. Ushahidi gani mwingine unataka? Jumamosi kina mama wa mradi wa maji wanakutana. Nitasimama nitaje jina. Hatachota tena bomba lolote la mradi."

Sheryl ndiye aliyemponya Tom kwa dawa, na dawa hiyohiyo ilikuwa inamtia Beldina hatiani.

Shuleni, Robinson alianza kuchelewa. Alifika na bega la shati limelowa, kwa sababu sasa alibeba maji kutoka mtoni kabla ya masomo. Wakati wa mapumziko alisimama mbele ya Sheryl.

"Malkia wa bomba," alisema. "Kumbe mmeweka kufuli. Mnaogopa tutayanywa yaishe?"

"Niache, Robinson."

"Nitakuacha. Lakini mama jana hakupika. Maji ya mto ni tope, na wateja wanajua. Alikaa tu, akaniuliza, 'Mimi nilimkosea Dani wapi?' Nikasema sijui. Wewe unajua?"

Sheryl alifungua mdomo. Kengele ikalia, naye akashukuru kengele.

Ijumaa fundi Walubengo alikuja kubadilisha filta. Alikuwa mtu wa maneno, na mkoba wake wa vyuma ulilia kila alipopiga hatua. Dani alimpeleka bombani kama mtu anayempeleka polisi kwenye mahali pa wizi.

"Tazama, fundi. Tazama walichonitilia."

Walubengo alilifungua kopo, akauchomoa ule mwanzi wa kahawia, maji ya tope yakamdondokea viatuni. Aliunusa, akatabasamu.

"Mama, nani amekutilia? Hili ni tope la mvua ya Sondu, limeshuka na mto mpaka huku! Tope lote hili mngekunywa nyinyi. Filta ikibaki nyeupe msimu wa mvua, hapo ndipo uniite mwizi. Ikiwa kahawia, imefanya kazi. Miezi miwili mitatu unabadilisha, basi."

"Na kuhara kwa mtoto?"

"Hiyo si tope. Kuhara ni vijidudu, na vijidudu vinapita humu kama siafu chini ya lango. Ndiyo maana ya dawa. Si mnatia?"

"Anatia kila siku," alisema Dani. "Kwa hivyo huoni? Kama filta ni nzima, na dawa inatiwa, basi lazima kuna mkono wa mtu. Na nimeshaujua."

Walubengo alikuna kichwa. "Sasa hapo, Mama, mimi ni fundi wa bomba. Kesi ya mikono sijui." Akaingiza mwanzi mpya, mweupe, akaanza kukaza kopo.

Dani aligusa fundo la leso lenye ufunguo. "Kesho," alisema. "Kesho nitasema mbele ya watu wote."

Sheryl alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Aliwaza kwamba angeweza kunyamaza. Tom alikuwa mzima, dawa ilikuwa inatiwa, hakuna mtu duniani angejua. Kisha akalikumbuka bega la Robinson lililolowa. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya dawa, akaiweka juu ya jiwe la bomba mbele ya Dani.

"Dani, itazame."

"Nimeiona. Ni dawa."

"Uliinunua siku filta ilipokuja. Kwa mtungi mmoja kila siku, ingekuwa imekwisha. Ona ilipofika."

Dawa ilikuwa bado karibu na shingo ya chupa. Walubengo aliacha kukaza.

"Sikuwa natia," alisema Sheryl. "Wiki tatu. Maji yalikuwa yanang'aa, nikaona haina haja. Mzee Harbans aliniambia tusiache, wewe ulikuwa unagonga filta, hukusikia. Tom alipougua nikaanza tena kutia kwa siri. Ndiyo maana amepona. Si kufuli, Dani. Mama Robinson alirudisha kifuniko tu. Ule upepo hata mimi niliuona."

Kuku walikwaruza uani. Dani aliishika chupa, akaiinamisha upande huu na upande ule.

"Ulinijibu 'nimetia'," alisema hatimaye. "Kila siku."

"Ndiyo, Dani."

"Na nikamfukuza mtu bombani, na wewe uko dirishani."

"Ndiyo, Dani." Hapo machozi yakaja.

Dani hakumpiga, wala hakumbembeleza. Alifungua fundo la leso, akalifungua kufuli, akamwambia Sheryl ajaze ndoo mbili. "Beba moja. Mimi nitabeba nyingine."

Walimkuta Beldina ameketi mlangoni anachagua maharagwe, na Robinson anapasua kuni. Beldina alipoona ndoo mikononi mwa mwanamke wa umri ule, alisimama haraka aipokee, lakini Dani alikataa.

"Ngoja kwanza niseme huku nimebeba, nisije nikasahau uzito wake. Mama Robinson, nilikukosea. Sema, Sheryl."

Sheryl alisema yote, mbele ya Robinson, bila kuruka hata siku moja. Robinson aliacha shoka likining'inia mkononi.

Beldina alimgeukia Dani. "Mimi hutia dawa hata kwenye maji ya bomba lako, Dani," alisema. "Siku moja nilimuuliza huyu Sheryl kama nanyi mnatia. Aliniambia ndiyo. Ningejua, ningekukumbusha." Kisha akaipokea ndoo. "Mwiteni Tom, jioni kutakuwa na nyoyo."

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema Dani, akikaa juu ya kigoda alichoelekezwa. "Filta ilitutolea tope, tukadhani imetutolea kila kitu. Maji yakiwa machafu unayaogopa, unayatunza. Yakishang'aa, hapo ndipo unaposinzia. Na neno la uongo ni hivyohivyo, linaonekana safi, kumbe ndani lina ugonjwa, na anayeugua si yule aliyelisema. Wewe ulisema, akaugua Tom, akaugua na huyu mama. Kutia dawa kwa siri hakukutosha. Ukweli nao ulitakiwa utiwe." Akageuka kwa Beldina. "Na mimi mzee mzima, nilitafuta kosa kwa jirani kabla ya kutazama chupa ya jikoni kwangu. Kesho mkutanoni nitasimama, lakini nitasema hilo."

Alitoa kufuli, na ufunguo wake ukiwa ndani, akaliweka juu ya maharagwe kwenye ungo wa Beldina.

"Kaa nalo wewe," alisema. "Siku utakapoona sisi tumeacha kutia dawa, njoo utufungie."

Beldina alicheka mpaka maharagwe yakamwagika, na Sheryl na Robinson wakapiga magoti kuyaokota.