Jina la Kujaribia

Kama uko mezani unakula, sogeza sahani kando kwanza. Hii si hadithi ya kusindikizia ugali.

Ilianza na mafuta ya kujipaka, basi. Kendi alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja huko Tyseley, Uingereza, na kazi hiyo ni kunawa mikono, kuvaa glavu, kuvua, kunawa tena, kutwa nzima. Ongeza baridi ya Birmingham juu yake. Ngozi ilimpasuka mikononi mpaka usoni. Zamani alikuwa na chupa zake bafuni, tena nyingi. Lakini bintiye Jemima, msichana wa sekondari, alionyeshwa shuleni video ya sungura. Sungura wamebanwa shingo katika visanduku, vichwa tu ndivyo viko nje, wanatiwa mavitu machoni ili watu waone kama yatawasha. Hawawezi kujikuna. Hawawezi kufumba. Mtoto alirudi nyumbani akilia, akazitupa chupa zote za mama yake kwenye pipa la taka.

"Unajipaka macho yao usoni, Mum," alisema. Alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia tu, hakukijibu.

"Sasa nijipake nini, samli?"

"Nunua ambayo haikumuumiza mnyama. Tafuta tu, zipo."

"Haya, mama. Nimesikia."

Alimwita mama, na hakuwa anatania. Jemima lilikuwa jina la mama mzazi wa Kendi, aliyefariki Meru mwaka uleule mtoto alipozaliwa. Kwao, ukimpa mtoto jina la nyanya yake, nyanya amerudi. Unamwita mama, unamheshimu, ukimchapa unaomba radhi. Kendi alimbeba yule mtoto mbele ya jamaa waliokuja kumpa pole na akawaambia: nyamazeni kulia, mama yangu hakufa, huyu hapa ananyonya.

Anayeingiza duka katika habari hii ni Saido, mwenzake kazini, Msomali aliyelelewa Garissa. Siku moja wakimbadilishia mzee shuka, Saido alimgeuzia shavu.

"Walahi, Kendi, hebu tazama hii ngozi. Shika."

Kendi akashika. Lilikuwa laini kama la mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Kuna duka hapo nyuma ya gereji. Mama mmoja wa kwetu, Msomali. Na hawagusi mnyama hata mmoja! Ila atakuuliza jina la mtu aliyekufa. Mpe tu. Mimi nilimpa la mjomba wangu Abdow. Alikufa hana mke, hana mtoto, hata paka hakuwa naye."

"Jina la maiti la nini tena?"

"Aaah, na wewe! Benki si wanakuuliza jina la mama yako? Umewahi kuwauliza la nini?"

Wakacheka, wakamaliza kutandika.

Ilikuwa Desemba, na huko Desemba jua linazama watu wangali kazini. Kendi alitoka zamu, akakata nyuma ya gereji, akafuata ukuta wa reli. Giza lilikuwa limeshaingia. Hakuna mtu. Taa moja tu, nyeupe, juu ya mlango mdogo.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Alidhani ni taka za viwandani. Lakini ndani kulikuwa na vigae vyeupe safi, na harufu ilikuwa palepale... Mkojo wa mnyama aliyefungiwa. Na chini ya mkojo, nywele zilizoungua.

"Umefika, mwanangu."

Mwanamke alikuwa nyuma ya kaunta. Alimsalimia kwa Kimeru. Kimeru cha nyumbani kabisa, cha mtu aliyechuma chai. Kendi akashangaa, kwani Saido alisema muuzaji ni Msomali. Akamtazama vizuri. Hakuwa na kope hata moja. Macho yalikuwa mekundu, yamelowa, na hayakupepesa.

"Nimesikia hamjaribii wanyama," Kendi alisema.

"Tuliacha. Wateja walikasirika." Alinong'ona, kama aliyekabwa koo. "Lakini lazima ijaribiwe. Krimu nzuri ina ukali wake, na ukali huo lazima uende mahali."

"Uende wapi?"

"Kwa asiyehisi. Maiti hajikuni, mwanangu. Nipe jina la marehemu wako."

Basi lilikuwa karibu kupita. Miguu ilimuuma. Ukiwa umechoka hivyo utataja lolote ili ukalale, na Kendi alitaja la kwanza lililomjia.

"Jemima."

Mwanamke alifungua kopo, akainama, akalitamka lile jina ndani yake taratibu. Kisha akalamba midomo.

Kopo lilikuwa na joto.

Nyumbani Kendi alijipaka. Lo! Asubuhi mikono ilikuwa imepona, na uso ukang'aa, mikunjo ya paji la uso haipo. Kazini wakamsifu. Kanisani wakamuuliza. Mchovya asali hachovyi mara moja. Akawa anajipaka asubuhi na jioni, tena kwa kutosheka moyoni, maana aliweza kumtazama bintiye machoni.

Macho yenyewe ya Jemima ndiyo yaliyoharibika.

Kwanza yaliwasha. Halafu yakawa mekundu. Halafu yakaanza kutoa uchafu mweupe, mzito, unaoning'inia kwenye shavu kama mtindi uliokatika. Daktari aliyatia dawa. Wa hospitali ya macho akayamulika na taa, akabadilisha dawa, akasema warudi. Wakarudi. Ngozi ya mgongo nayo ikatoa malengelenge, yakapasuka, yakanata kwenye fulana, na kuivua fulana ilibidi kulowesha kwa maji ya uvuguvugu huku mtoto ameuma mto. Ptuu! Hata kusimulia kunatia kinyaa. Kendi amesafisha vidonda vya wazee wengi na hajawahi kutapika. Kwa mwanawe alitapika, kwa sababu ule uchafu wa machoni ulinukia vizuri. Ulinukia krimu.

Hakutaka kuielewa harufu hiyo. Alifungua dirisha tu.

Halafu shingo ikakaza. Jemima alikaa kitandani wima, kichwa hakigeuki, mikono imelala kando kama imefungwa. Macho wazi. Hayafumbi. Meno yakisaga, krr... krr... krr...

"Jikune basi, mama," Kendi alimwambia. "Inua mkono ujikune."

"Siwezi, Mum. Kuna mbao."

Hakukuwa na mbao.

Jioni moja Kendi alisimama bafuni, mlango umefunguliwa kidogo ili amsikie mtoto. Alichota krimu kwa kidole, akagusa shavu la kulia.

Chumbani Jemima akapiga yowe.

Kendi alisimama na kidole hewani. Yowe likatulia, zikabaki kwikwi. Akajitazama kwenye kioo. Akajiambia ni bahati mbaya, ni maumivu yamegongana na wakati. Alitaka kuwa na hakika.

Akachota tena. Akagusa shavu la kushoto.

Yowe.

Na hapa sitamtetea. Mama mzazi, na alimjaribia mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, akijua nusu ya jambo. Alipoona alichofanya alijikwaruza uso kwa taulo mpaka ukatoa damu, akalimwaga lile kopo chooni, akavuta maji, akavuta tena. Kopo likaelea tupu, lakini Jemima aliendelea kulia. Kendi hakuwa mteja wa pekee wa duka lile, na wengine walikuwa wakijipaka.

Alimwomba Saido akae na mtoto, akakimbia Tyseley. Giza la saa kumi na moja jioni. Mlango mdogo ulikuwa wazi.

"Nilikwambia jina la maiti!" alipiga kelele. "Kwa nini mtoto wangu?"

Mwanamke aligeuka. Alifunua pazia nyuma ya kaunta.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huku ndani ingekuwa afadhali kipande cha mti. Kulikuwa na rafu mpaka darini, na juu ya rafu masanduku, kila moja na tundu la shingo. Yalikuwa matupu. Na bado kutoka katika yale matupu zilitoka pumzi. Meno yalisaga. Ute ulichuruzika kutoka tundu hadi tundu, ukakusanyika kwenye mfereji wa bati, na mfereji ukaelekea kwenye pipa la makopo. Sakafu ilinata viatuni. Nywele zilikuwa zimegandia ute, nyeupe za mnyama, na katikati yake ndefu, nyeusi, zenye shanga za rasta.

Kendi akaziba mdomo.

"Hili la Abdow," mwanamke alinong'ona, akigonga sanduku moja. Lilikuwa kavu, kimya. "Huyu kafa kweli. Hakuna anayemwita." Akahamia lililofuata. Lilikuwa linatetemeka. "Hili la mama yako."

"Mama yangu nimemzika mimi!"

"Uliuzika mwili. Halafu ukasimama mbele za watu ukasema hakufa. Kila siku unamwita mama, naye anaitika. Mimi nimemfuata anayeitika."

Kendi alipiga magoti kwenye ule ute. Angefanya nini?

"Litoe jina lake. Nakuomba."

"Sanduku halikai tupu. Wateja ni wengi."

"Basi rudisha sungura! Weka sungura, weka hata kumi, si mlikuwa nao?"

Mwanamke alimtazama kwa yale macho yasiyopepesa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha kinyaa.

"Nyinyi," alisema polepole. "Mnachukia damu ikiwa mbali; ikifika kwenu, mnataka imwagike ya mwingine. Sungura hawana majina. Nipe jina."

Kendi alipitia majina kichwani, na ninajua yalimjia mengi: baba ya Jemima aliyewatoroka, mzee mmoja kazini asiyejua tena yuko wapi, hata Saido. Alisikia kila moja likifika kwenye ulimi. Kisha sanduku likasaga meno. Krr...

"Kendi," akasema. "Weka Kendi."

"Umelitoa wewe. Basi sikiliza. Hutamwambia mtu. Wala hutalia kwa sauti. Sungura hawalii, ndiyo maana walipendwa. Siku utakayosema au utakayolia, jina la zamani litarudi mahali pake."

Alipofika nyumbani Saido alikutana naye mlangoni, anarukaruka.

"Amefumba macho, Kendi! Amelala! Alhamdulillahi!"

Na kweli Jemima alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, shingo imelegea. Kendi alimfunika. Wakati huohuo jicho lake mwenyewe la kulia likaanza kuwasha.

Mtoto alipona upesi hata madaktari wakafurahi. Akarudi shule, akanenepa, akarudia ubishi wake. Mama ndiye aliyebadilika. Kila alfajiri na kila jioni, wanawake wanapojipaka, alikuwa akijifungia chooni ameuma kitambaa. Alijua sasa huyu ni wa asubuhi, huyu anajipaka nyingi, huyu anapaka na mgongo. Kwenye basi la Coventry Road alikuwa akitazama nyuso zinazong'aa na kujiuliza ni nani kati yao. Mmoja alimsikia akimwambia mwenziwe kwa fahari kwamba krimu yake haina ukatili kwa wanyama. Kendi aliteremka kabla ya kituo chake akaenda kutapika kando ya ukuta wa msikiti.

Alipata miwani nyeusi. Kazini wakasema ni mzio. Saido alimkazania arudi dukani akanunue ile krimu, kwani uso umemharibika. Kendi alitikisa kichwa tu. Alitamani kumwambia: tupa kopo lako, dada, nitakufa.

Jioni ya siku ya kuzaliwa ya Jemima, Kendi alikuwa jikoni akikatakata vitunguu vya pilau. Fosia, binti wa Saido, alikuwa amekuja na mfuko wa zawadi, wakakimbilia ghorofani wakicheka. Bomba la bafuni likafunguliwa.

Kendi akadondosha kisu.

Hakuwahi kuusikia moto kama ule. Haukuwa wa mtu wa mbali. Ulikuwa karibu, unapita juu ya dari yake, unamwagwa kwa mikono miwili, kwa furaha yote ya msichana aliyepewa kitu kizuri. Aling'ang'ania ukingo wa sinki. Kitu cheupe, kizito, kikamdondokea kwenye ubao, katikati ya vitunguu. Shingo ikakaza. Akahisi mbao.

"Jemima?" aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mnafanya nini huko?"

"Hakuna, Mum! Tunajipaka tu! Fosia ameniletea ile isiyoumiza mtu!"

Angeweza kupanda ngazi. Angeweza kusema neno moja. Akauma kitambaa cha vyombo, akasikia jino likivunjika. Juu wakacheka, wakapaka tena.

Hatua zikashuka. Mtoto alisimama mbele yake. Kendi hakumwona, aliinusa tu ile harufu nzuri.

"Mum! Macho yako!"

"Ni vitunguu."

"Una hakika? Haya, niangalie. Naonekanaje?"

Kendi alinyoosha mkono gizani mpaka ukaligusa shavu. Lilikuwa laini, lina afya, halina kovu hata moja.

"Umependeza, mama," akasema. "Jipake tu."