Stesheni Baada ya Pugu

Bukoba mpaka Dar es Salaam ni kilomita elfu moja na mia nne na ushee, na mzee Theonest alizimaliza kwa basi bila hata mafua. Zilizobaki mpaka kwa bintiye Segerea hazikufika mbili. Bintiye, Felicitas, alimpokea stendi; bajaji yao ikaingia kwenye maji karibu na daraja, ikakohoa, ikazima.

"Shukeni! Mto umefurika!" dereva, Praygod, alipiga kelele.

Mkondo ukamzoa Praygod. Felicitas na baba yake ukawabamiza kwenye pagale moja lisilo na paa. Wakapandia dirishani hadi juu ya ukuta. Bati lilikuwa limemchana mzee mguu. Felicitas akaufunga kwa kanga, akakaza.

"Nipe maji, mama."

"Siyo haya, baba. Yana vyoo vya mtaa mzima."

Akakinga mvua kwa viganja, akamnywesha. Mafuriko yalipanda tofali moja, kisha la pili. Mzee akaanza kusinzia, na juu ya ukuta wa inchi sita kusinzia ni kuanguka.

Felicitas alijuta. Ni yeye aliyembembeleza: siku hizi ni siku moja tu, baba, panda basi. Mzee alitaka safari ya zamani, meli mpaka Mwanza, kisha treni, siku tatu nzima. Ah, treni ile! Felicitas alikuwa na miaka saba, anaogopa mngurumo wa magurudumu, baba akamfundisha kutaja stesheni ili woga ukose nafasi. Sharti lilikuwa moja: ya mwisho haitajwi mpaka mguu ukanyage chini.

"Baba! Tumetoka Mwanza. Inayofuata?"

Kichwa cha mzee kikaangukia kifuani. Akamtikisa.

"Malampaka," mzee alinong'ona. "Shinyanga. Isaka."

"Usilale. Tukitoka Tabora?"

"Itigi. Manyoni. Saranda... ulikula paja zima la kuku, ukalilia na la mama yako."

Mzee alicheka. Felicitas akalia waziwazi, maana mama hayupo tena, na harufu ya kuku yule ilimjia palepale, mvuani.

Walipofika Morogoro maji yaligusa visigino. Ruvu. Pugu.

"Inayofuata, baba?"

"Haitajwi. Hatujashuka."

"Basi turudi Mwanza, tuanze upya."

Mara ya tatu walikuwa Dodoma Praygod alipotokea, hai, na vijana wa mtaani wakivuta kamba na mpira wa tairi la lori.

"Shikamoo mzee! Kaa humu, sie tunakuvuta."

"Marahaba," mzee akajibu, meno yakigongana.

Ng'ambo walitaka kumbeba moja kwa moja hadi zahanati.

"Niteremsheni kwanza."

Akauweka mguu mzima kwenye tope, akaukandamiza vizuri.

"Dar es Salaam," akasema. Kisha akamgeukia bintiye. "Kurudi ni treni."

"Siku tatu, baba."

"Nyingi?"

Felicitas alimkumbatia.

"Chache," akasema.