Aliyeshika Ngazi

Mama muuza ndoo wa duka la jirani anaapa mpaka leo kwamba binti fundi wa mabango alimmwagia yule kijana rangi makusudi, apate pa kuanzia maneno. Uongo mtupu. Kijana mwenyewe ndiye aliyeegemea ngazi, katikati ya wapita njia, shati lake jeupe likala nusu kopo la bluu.

"Samahani, dada. Mimi mtafiti wa chuo. Nachunguza maandishi yanavyozaliwa."

"Basi leo umeyavaa," binti alimjibu kutoka juu, akikaza kilemba chake cha njano.

Kesho yake kijana akarudi, na keshokutwa. Alisema maandishi hayatoki kichwani mwa mtu mmoja. Yanaota kama mmea, yanategemea ukuta, jua, mwenye duka mbishi, hata jirani anayepayuka. Toa kimoja, bango linakuwa jingine. Fundi alimpendea hapo. Nani mwingine aliwahi kuiona kazi yake nzima namna hiyo? Jioni zikawa za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi la ukuta wako."

Siku kijana alipomsomea utafiti wake, fundi alisikiliza mpaka mwisho, uso ukabadilika.

"Jua limo. Ukuta umo. Mdomo wa jirani umo. Wewe uko wapi?"

"Mtafiti hajiweki, laazizi. Msimamizi wangu akijua tunapendana, kazi yote ataitupa."

"Tangu uje nachora taratibu, herufi zangu zimenenepa, wenye maduka wananitania. Hilo nalo kalifanya jua? Mimi sipendwi kwa kificho. Shika njia yako."

Fundi hakupokea tena simu za kijana. Usiku alilia, asubuhi alipanda ngazi.

Mchana mmoja, akiandika ukuta wa duka la mikate, ngazi yake iliyozoea kuyumba ikatulia ghafla. Akatazama chini. Ni yeye, kaishika, na lile shati lenye bluu.

"Nimejiweka," alisema. "Nimeandika kwamba herufi hizi zimebadilika kwa sababu mtafiti anampenda fundi, na fundi anajua. Kazi nimeshaipeleka kwa msimamizi."

"Watakufukuza."

"Wakitaka utafiti usio na mimi, basi watoe na jua."

Simu ikalia mfukoni mwa shati. Mikono yake haikuachia ngazi. Fundi akashuka vidato viwili, akaichomoa, akaweka spika.

"Kijana wangu," sauti ya msimamizi ilikuja ya upole, "nakuomba. Futa sentensi hiyo moja tu, yaishe. Unanisikia?"

Fundi akamtazama. Kijana akatikisa kichwa, akakaza mikono kwenye ngazi.

Binti akaitua simu juu ya kopo la rangi, laini ikiwa bado wazi, akapanda kumalizia herufi yake.